Maswali ya wasomaji: bodi inayocheza kwenye gari la paa la kuvua

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja: magari ya michezo ya zamani ambayo paa lake huvuliwa, na bodi zake zinazojisokota. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu zinazofuata zinategemea yaliyosemwa humo.

Habari za kazi, mafundi. Nina Mazda MX-5 ya 1991, injini ya lita 1.6, yenye paa la turubai pamoja na paa gumu la kuvua. Nikivua lile gumu na kupita kwenye barabara mbovu, usukani hutikisika na kioo cha kati hakionyeshi kitu, picha inacheza tu. Juzi nimepiga jeki mbele kushoto nibadili tairi, mlango wa abiria ukagoma kufunguka mpaka nilipoishusha gari. Fundi anataka ninunue baa ya kuunganisha vichwa vya shokapu na vyuma vya chini. Nianzie hapo? — Msomaji, Kigamboni

Ndugu, usianzie hapo. Kioo kucheza kwenye barabara mbovu ni tabia ya MX-5 za mwanzo. Hata zikiwa mpya zilikuwa nayo kidogo. Mlango kugoma gari likiwa kwenye jeki ni habari nyingine. Hapo bodi inakwambia kwamba kuna kitu kimeacha kubeba mzigo, na baa ya dukani haiwezi kukibebea.

Chukua boksi la viatu. Likiwa na kifuniko kilichobandikwa kwa gundi, lisokote kwa mikono miwili: linakataa. Toa kifuniko usokote tena: linafuata mkono. Gari lenye paa la chuma ni boksi lenye kifuniko. La kwako halina, kwa hiyo kazi yote imeachiwa sakafu, ile handaki ya katikati inayopitisha propela shafti, na vizingiti viwili chini ya milango. Kizingiti kina nguvu kwa sababu moja tu: ni bomba lililofungwa pande zote. Hesabu yake inashangaza kidogo. Bomba la duara la kipenyo cha milimita 100 na bati la milimita 1.25, ukilipasua kwa mstari mmoja toka ncha hadi ncha bila kuondoa hata gramu ya chuma, ukaidi wake wa kusokotwa hushuka karibu mara 4,800. Kizingiti chako hakijapasuka chote, lakini ndiyo maana mshono uliooza kwa sentimita ishirini una madhara kuliko unavyoonekana kwa macho.

Kwenye MX-5 za kizazi hiki kutu ina anwani: sentimita 30 za mwisho za kizingiti, mbele ya gurudumu la nyuma. Maji ya paa la turubai huteremka kwa mipira miwili nyuma ya viti na kutokea chini, karibu na hapo. Mpira ukiziba kwa majani na vumbi, maji huingia kwenye zulia na ndani ya kizingiti, na kwenye hewa ya chumvi kama ya Kigamboni kazi haichukui muda. Bati la nje likishatoboka, la ndani huwa limetangulia.

Kagua hivi. Mimina nusu lita ya maji polepole kwenye tundu la kila upande, nyuma ya kiti. Yanatakiwa kutoka chini kabla hujamaliza kumimina. Yakichelewa au yakitokea kwenye zulia, zibua kwa uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani. Waya ngumu hutoboa mpira, na upepo wa kompresa huweza kuuchomoa kwenye kiungo chake. Hapo umejiongezea ugonjwa. Kisha ingia chini na bisibisi bapa, ugonge kwa mpini kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kadibodi. Pitisha na sumaku iliyofungwa kitambaa: pasiposhika, kuna pati, ile rojo ya kuziba matundu kabla ya rangi.

Halafu pima. Gari liwe sehemu tambarare, magurudumu yote chini, bila mtu ndani. Tumia mashina ya keekee za milimita 3, 4, 5 na 6 kama geji, upime mwanya wa ukingo wa nyuma wa kila mlango, juu na chini. Mwanya wa juu ukiwa mwembamba kuliko wa chini, katikati ya gari pameshuka, yaani nguzo mbili za mlango zinainamiana. Andika namba. Piga jeki sehemu ileile ya juzi mpaka gurudumu la mbele liachane na ardhi, upime tena. Kwa gari la wazi la umri huu, badiliko la milimita moja hatuligombani nalo. Likifika tatu, au mlango ukagoma, tafuta tundu mpaka ulipate.

Bisibisi ikizama, kazi ni ya kuchomelea, na hapo ndipo magari mengi huharibiwa kabisa. Fundi hukata kizingiti gari likiwa limening'inia kwenye lifti ya nguzo mbili, bodi inajikunja, anachomelea bati jipya kwenye umbo lililopinda, na mlango haufungi tena milele. Mwambie afuate mpangilio huu. Gari lisimame kwa magurudumu yake, au stendi ziwe chini ya mikono ya saspensheni, paa gumu likiwa limefungwa. Kwenye uwazi wa kila mlango afunge bomba la mraba la milimita 25, unene 2, kutoka karibu na bawaba ya juu hadi nguzo ya kitasa, na la pili kwa mshazari. Yakae upande wa ndani ili mlango uendelee kufunga na mwanya upimwe wakati wowote. Akate upande mmoja, aumalize, ndipo aguse wa pili.

Bati liwe la milimita 1.2. Wapo wanaojisifu kwa kuweka sahani ya milimita 3: ncha yake nene hukata bati jembamba la jirani, na ufa huanza hapohapo baada ya miezi. Abadilishe bati la ndani kabla ya la nje. Penye mshono wa kiwanda uliochomelewa kwa nukta, atoboe matundu ya milimita 8 kila baada ya milimita 30 hadi 40 na kuyajaza kwa mashine ya MIG, ya kuchomelea kwa waya na gesi. Penye mstari, achomelee vipande vya sentimita mbili akihama huku na huku, asipike sehemu moja. Betri ya gari hili iko kwenye buti, itolewe. Zulia na viti vitoke. Kizimamoto kiwe wazi, na mtu wa pili aangalie upande asiouona mchomeleaji. Primer ya zinki kwenye nyuso zinazolaliana iwekwe kabla ya kuchomea, nta ya kutu inyunyizwe ndani baada ya rangi, na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi.

Chuma kikiwa kizima, shughulikia vitu rahisi. Upepo wa tairi 185/60R14 kwenye gari hili ni psi 26, mbele na nyuma; mtaani huwa tunakuta 35, na kila kijiwe kinakuwa nyundo. Kaza boliti za krosimemba zote mbili, yaani boriti za kukata gari kwa upana zinazobeba saspensheni, na za ile boriti ya aluminiamu inayounganisha giaboksi na difu. Angalia bushi ya plastiki kwenye pini ya kitasa cha kila mlango. Ikiisha, mlango hupiga ngoma na watu hudhani ni bodi.

Sasa vyuma vyako. Tungenunua kwanza vile vya umbo la U vinavyovishwa juu ya reli mbili za chini ya sakafu, hasa kama reli zako zimebonyezwa na jeki, na MX-5 nyingi zimebonyezwa, kwa sababu mtu huona reli na kudhani ndipo pa kuweka jeki. Sipo. Pa jeki ni mshono wa kizingiti kwenye alama za kiwanda, krosimemba ya mbele, au difu. Cha pili ni baa inayounganisha minara ya mikanda ya usalama nyuma ya viti. Mazda wenyewe waliiongeza 1993 ilipokuja injini ya lita 1.8, na hilo linatosha kuonyesha walikuwa wanaona nini. Ile baa ya shokapu iwe ya mwisho. Mikono ya saspensheni ya mbele, ya juu na ya chini, imefungwa kwenye krosimemba, kwa hiyo kuunganisha vichwa vya shokapu hapa hakushiki jiometri ya magurudumu. Hupunguza mtikisiko kidogo na kupendeza boneti ikifunguliwa.

Chochote utakachofunga, kaza boliti za mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu, kwenye shimo la gereji au lifti ya nguzo nne. Ukikaza likiwa kwenye jeki, umefungia umbo la kupinda.

Paa gumu la MX-5 linakaza gari kweli, au ni la kuzuia mvua tu? — Msomaji, Mombasa

Linasaidia, ila si kama paa lililochomelewa. Lina uzito wa kilo 20 na ushei, na limelala juu ya raba. Raba inanyonya mtikisiko lakini inaruhusu kusokotwa. Faida yake hupatikana likifungwa sehemu zote: vishikio viwili vya mbele, viwili vya pembeni karibu na mabega, na vya nyuma. Watu wengi hufunga mbele na nyuma tu kwa kuwa gari halikuja na vipokeo vya pembeni. Vipokeo hivyo huuzwa, na tofauti inasikika siku hiyohiyo. Kulifunga kwa boliti bila raba kabisa ni kazi ya gari la mashindano. Kwenye barabara zetu pembe za paa huanza kupasuka.

Wataalamu, fundi bodi ameniambia tupulize povu la kopo ndani ya vizingiti badala ya kukata bati. Anasema likikauka ni gumu kama mbao. — Msomaji, Tanga

Mwambie hapana. Povu la kopo la kuzibia madirisha halina ukaidi wa kushindana na chuma, na linaziba njia ya maji: kizingiti kinakuwa sponji iliyofungwa. Siku atakapokuja mchomeleaji, litashika moto na kutoa moshi wenye sumu ndani ya bomba ambamo hakuna anayeweza kufika. Lipo povu zito la mchanganyiko wa kemikali mbili linalotumiwa kwenye bodi za magari, lakini hilo huwekwa kwenye chuma kizima na kikavu, baada ya uchomeleaji wote kwisha. Kwa chuma kilichooza, na kwa hewa ya Tanga, hata hilo hatulishauri.

Hamjambo. Nina Toyota MR2 ya 1992, ile ya injini katikati, yenye vioo viwili vya paa na baa kati yao. Kila nikikata kona kuingia petroli station au nikipanda bampa (tuta la barabarani) kwa mshazari, juu ya kichwa kunalia kama kiti cha mbao. Je, bodi imeisha? Niweke baa za shokapu? — Msomaji, Nakuru

Kulia na kujisokota ni mambo mawili, ingawa la kwanza hutokana na la pili. Tenganisha kwa jaribio lisilogharimu kitu: vua vioo vyote viwili, rudi kwenye bampa ileile, panda kwa mshazari uleule. Sauti ikipotea, kinacholia ni raba na vishikio vya vioo. Ikibaki, sikiliza chini, kwenye dashibodi na kwenye fremu ya kioo cha mbele.

Tunakisia itapotea. Raba za miaka thelathini zimekauka, kioo kinateleza juu yake kwa milimita moja na kurudi, na kila mteleko una sauti yake. Osha raba kwa maji na sabuni laini, zikauke kabisa, kisha paka grisi ya silikoni kwa kidole, nyembamba kiasi cha kutoonekana. Acha saa kadhaa, futa iliyozidi, rudia mara mbili ndani ya wiki. Usipake mafuta ya mgando wala oili: raba huvimba, huwa laini kama ulimi, na kioo hakikai tena. Kisha tazama vishikio. Funga kioo huku umeweka ukanda wa karatasi juu ya raba, uuvute. Unatakiwa kutoka kwa kubana, sawasawa mzunguko mzima. Unapochomoka bure, hapo kishikio kimelegea au raba imekufa, na hapo ndipo maji ya mvua yatakapoingilia. Kama raba imepasuka kwenye pembe, grisi haitaiponya. Nunua mpya, na uziweke za pande zote mbili kwa pamoja.

Baa za shokapu kwenye MR2 zina maana kuliko kwenye Mazda ya ndugu yetu wa Kigamboni. Hapa kichwa cha shokapu ni sehemu ya jiometri yenyewe: kikisogea kuelekea ndani, kemba ya gurudumu, yaani mwinamo wake wa kusimama, inabadilika, mbele na nyuma. Baa nzuri ni chuma kimoja kisicho na kiungo cha kuzunguka. Zile zenye pini mbili kwenye ncha huzuia kusukumana na kuvutana tu, lakini mnara, ile sehemu ya bodi inayoshika kichwa cha shokapu, ukiinama huinama nayo. Kabla ya kuifunga, kwangua na utazame bati linalozunguka kila mnara. Penye rangi iliyopasuka kama nyota kuzunguka boliti, bati limeanza kuchoka, na hilo hutibiwa kwanza.

Assalaam alaykum. Nipo Muscat, nina Chevrolet Corvette ya 1985 yenye paa la kipande kimoja la kuvua. Nilivua paa jioni, kesho yake halikukubali kurudi: boliti mbili za mbele zimeingia, za nyuma matundu hayakutani. Pia gari linatikisa sana. Nimeshauriwa nichomelee vyuma chini. — Msomaji, Muscat

Waalaykumu salaam, bwana. Uliegesha wapi usiku ule? Kama gurudumu moja lilikuwa juu ya ukingo wa njia au kwenye mteremko wa geti, hapo ndipo matundu yalipohamia. Gari hilo bila paa hujisokota kwa uzito wake lenyewe, na milimita mbili au tatu zinatosha boliti isione tundu. Lipeleke sakafu tambarare, sukuma bodi kwa mikono mbele na nyuma saspensheni itulie, jaribu tena.

Utaratibu ni huu. Anza boliti zote nne kwa vidole, kila moja mizunguko mitatu au minne, kabla ya kukaza yoyote. Inayogoma kwa vidole isilazimishwe kwa ratcheti. Nyuzi zitakazokwisha ni za upande wa gari, na kuzitengeneza kunamaanisha kufungua mapambo ya ndani. Zote zikiingia, kaza kidogokidogo ukivuka kwa mshazari. Paa hilo si kifuniko cha mvua. Ni sehemu ya bodi, ndiyo maana kiwanda kilitumia boliti na ufunguo wake badala ya vishikio vya mkono. Ukiwa nalo limefungwa boliti mbili, unaendesha gari lisilo na paa na kubeba paa juu yake.

Historia yake inaeleza mengi. Corvette hiyo, iliyoanza na modeli ya 1984, ilipangwa kuwa na baa katikati ya paa na vipande viwili vya kuvua. Baa ikaondolewa wakati usanifu umeshafika mbali, na ili kufidia, vizingiti vikainuliwa. Ndiyo maana unapanda gari lako kama mtu anayeingia kwenye mtumbwi. Toleo la turubai lilipokuja 1986 likawekewa na chuma cha umbo la X chini ya sakafu.

Chuma hicho cha X, au kinachofanana nacho, ndicho tungekishauri kwako, lakini cha kufunga kwa boliti. Usikubali kuchomelea. Paneli zako za nje ni za plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, zimegundishwa juu ya fremu ya chuma, na joto la mashine huua gundi kabla hujaona moshi. Kagua kwanza nafasi kati ya chuma na mabomba ya eksosi, na ujue kwamba utapoteza kimo cha chini kwa kiasi cha unene wake. Kwa bampa za mitaani hilo utalihisi.

Kuhusu mtikisiko wenyewe, tazama springi kabla ya kununua chochote. Za 1984, hasa zenye kifurushi cha Z51 cha saspensheni ngumu, zilikuwa ngumu kiasi kwamba kiwanda kilizilainisha kwa modeli ya 1985. Magari mengi ya umri huo yamebadilishiwa springi kwa miaka, na za gari lako ni bapa, za kulala kwa upana, hivyo mtu haoni tofauti kwa kutazama. Springi ikiwa ngumu kuliko bodi, bodi ndiyo inayogeuka springi. Muulize aliyekuuzia, au mpe fundi alaimenti alinganishe alama zilizomo kwenye springi na kitabu cha gari. Shokapu zilizokwisha na tairi za zamani zilizokauka kwa joto la Muscat huleta mtikisiko uleule. Tarehe ya tairi imeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, wiki kisha mwaka.

Na usipige jeki upande mmoja paa likiwa limevuliwa. Ukilazimika, paa lirudi kwanza, boliti zote nne.